Uso Wako Ulikimbia Hollande

Papa,

Kuna jambo sijamwambia mutu yeyote, hata padri. Asubuhi ile Yaya Furaha, dada yangu, alipokuwa anaanza mbio zake kule Hollande, sisi huku Murara tulikuwa tumepiga magoti sebuleni, Mama anaongoza rozari ili binti yake mukubwa afike muzima. Wote waliomba afike. Miye niliomba ateleze. Kati ya Salamu Maria moja na ingine nilisema ndani ya roho: Mungu, barafu ni yako, mutelezeshe kidogo tu. Asivunjike mufupa. Aanguke tu, watu wamuone.

Akaanguka kweli.

Ilikuwa karibu na shamba moja, pahali maji yalikuwa yamevuka barabara yakaganda. Rafiki yake alikuwa anamufuata na baiskeli, anatutumia video vipande vipande. Tukaona muguu mumoja unatangulia peke yake, kisha yaya yuko chini, amekaa kama mutoto anayejifunza kutembea. Moyo wangu uliruka. Halafu watu waliosimama kando ya barabara wakaanza kupiga makofi. Papa, walimupigia makofi kwa kuanguka! Muzee mumoja muzungu mwenye kofia ya sufu akamushika kwapani, akamuinua, akamupa kikombe cha supu. Hapa kwetu Mama akatoa machozi, na Papa mudogo Deo akasimama kabisa katikati ya rozari: "Munaona damu ya kaka yangu! Hiyo haianguke ikabakia chini!"

Hata kuanguka kwake kulikuwa kuzuri kuliko kusimama kwangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kifaransa ni cha kuandikia watu wanaotoa points, na wewe hukunipa points hata siku moja. Ulikuwa unasoma bulletin yangu ya shule, unasema "Bon," yaani vizuri, unanirudishia, unaendelea kunywa chai. Sikujua kamwe kama "Bon" ile ilikuwa kubwa ao ndogo.

Ngoja nikuelezee mbio zenyewe, maana uliondoka bila kuzijua. Ulijua tu kwamba yaya anakimbia-kimbia jioni, akitoka kazini kwake pale anapowatunza wazee. Sasa amekimbia marathon, kilometa makumi ine na mbili, katika mwezi wao wa baridi, katika vijiji. Mashamba meupe kama mutu ametapanya unga wa muhogo. Mifereji ya maji imenyooka kulia na kushoto, na juu ya maji kuna ngozi nyembamba ya barafu, na bata wanatembea juu yake na adabu kama watu wanaoingia kanisani wamechelewa. Upepo unapiga watu usoni mpaka pua zinakuwa nyekundu. Hakuna kilima. Papa, hakuna hata kitu kidogo kinachofanana na kilima. Mama, mutoto wa wachungaji wa Masisi, hakutazama wakimbiaji hata kidogo, alikuwa anatafuta ngombe. Alipoona ziko ndani ya nyumba kubwa yenye taa, akapiga mikono: "Yesu! Ngombe banalala ndani, watu njo wako inje kwa baridi!" Tulicheka wote. Hata miye nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Nilikuwa nasema moyoni: barabara yenyewe imenyooka kama meza. Hakuna mawe ya volkano ya kukata viatu, hakuna vumbi, hakuna lori la makaa linalokusukuma ndani ya mufereji. Pale hata miye ningekimbia. Pale hata wewe ungekimbia, Papa, na sukari yako.

Lakini si hiyo iliyoniuma zaidi. Kilichoniuma ni fulana.

Unajua vile inakwenda kwetu: mutu akifariki, familia inachapisha fulana zenye picha yake, tunazivaa kwa kilio. Papa mudogo Deo ndiye alichagua picha yako. Alichagua ile ya Lac Vert, ziwa tulilokuwa tunakimbilia, wewe umetoka jasho, unacheka, meno yote inje. Ni picha nzuri kuliko zote, najua, kwa sababu tulipigwa sisi wawili. Nilikuwa upande wa kushoto na mukono wangu juu ya bega lako. Mutu wa kuchapisha akanikata, kwa sababu marehemu anabakia peke yake kwenye fulana, ndiyo desturi. Ila hakukata vizuri. Vidole vyangu vitatu vilibakia juu ya bega lako. Siku tuliyokuzika, watu wote wa familia walikuwa wamevaa vidole vyangu na hakuna mutu aliyeuliza ni vya nani.

Fulana moja walimutumia Furaha kwa mutu aliyepitia Kigali. Akaivaa siku ya mbio juu ya manguo yake yote ya baridi, wewe kifuani pake, umevimba kidogo kwa sababu ya koti lililo chini. Uso wako ulikimbia Hollande, Papa. Ulipita mbele ya kondoo, ukapita mbele ya kanisa lenye munara mwembamba, watu wakakupungia mikono. Na vidole vyangu vilikuwa pale, vinakushika, vinafika mahali ambapo miye sijafika. Niliona wivu na vidole vyangu mwenyewe. Sijui kama jambo kama hilo linaungamwa.

Alipofika mwisho, rafiki yake akamuuliza mbele ya simu kwa nini amekimbia. Furaha akashika fulana na mikono miwili, akasema, "Nimekimbia kwa ajili ya Papa. Ni yeye alinifundisha kukimbia."

Sebule nzima ikalia. Miye nilitoka inje, nikasimama karibu na tanki ya maji, na nikasema kwa sauti, peke yangu: Bongo. Uongo mutupu.

Bongo, Papa! Ulipomusindikiza yaya siku alipoondoka, wewe ulikuwa mutu wa kiti. Ulikuwa unatengeneza makaratasi ya mizigo kwenye mupaka wa Bunagana, unakaa kutoka asubuhi mpaka jioni, tumbo linakutangulia mulangoni. Ni baadaye, kazi ya Bunagana ilipokwisha kwa sababu ya vita ukarudi kukaa nyumbani, ndipo munganga akakuambia, "Muzee, tembea, la sivyo sukari itakula miguu." Ukaona haya kutembea peke yako bila kwenda popote. Ukaniambia, "Neema, unisindikize, watu wafikiri nakupeleka shuleni." Kwanza tulitembea. Siku moja nikaanza kukimbia kidogo mbele yako, sikusema kitu, unanijua, nilikimbia tu. Na wewe ukafuata. Hivyo ndivyo ulivyoanza. Ni miye.

Na kuna asubuhi ile ya sokoni, ambayo ulinikataza kumwambia Mama, asije akatufungia mulango.

Tulitokea nyuma ya soko la Murara, wewe mbele, singleti imetoboka mugongoni, macho yamekutoka kwa kukosa pumzi. Mama mumoja wa tomate akakuona. Hakuuliza; kwetu mutu akikimbia hivyo, vita viko nyuma yake. Alikunja bâche yake, ile turubai ya kutandika chini, na tomate zote ndani, akaiweka kichwani, akaanza mbio. Jirani yake akamuona yeye. Butiki ya kwanza ikafungwa, kraa! Ya pili, kraa! Motari mumoja akageuza pikipiki akamuacha abiria na muguu mumoja hewani. Nikafumba na kufumbua, mutaa muzima ulikuwa unakimbia, na sisi katikati. Ukamuuliza mwanaume aliyekuwa anatupita, "Kuna nini?" Akajibu bila kugeuka, "Kimbia, muzee! Hausikie? Banakuja!" Na wewe, Papa, ukaongeza mbio. Sijawahi kukuona hivyo. Ulinishika mukono ukanivuta, tukaruka mawe, tukaruka mutaro, mpaka ukashindwa, ukainama, ukaniuliza na pumzi ya mwisho:

"Neema, ni nani anakuja?"

Nikasema, "Papa, nafikiri ni sisi."

Ulikaa juu ya jiwe jeusi ukacheka mpaka ukatoa machozi. Halafu ukasimama, ukajipangusa, ukasema ni lazima turudi tuombe radhi. Tulirudi butiki kwa butiki. Mama wa tomate alikungoja, mikono kiunoni: "Weye muzee, siku ingine ukitaka sport, vaa kengele kama mbuzi!" Ukanunua tomate zake zote zilizopondeka. Mama alishangaa kwa nini tulikula tomate juma zima. Na tangu siku hiyo tulikuwa tunapita sokoni tukitembea, tunasalimia kila mutu, jambo mama, jambo papa, mpaka tufike barabara ya Lac Vert. Pale tu ndipo tulikuwa tunakimbia.

Kule kwa yaya mutu anakimbia na anapewa supu. Kwetu mutu anakimbia na soko linafungwa. Nataka mutu aniambie ni nani alifanya mbio ngumu.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo. Mwaka unakaribia kuisha tangu tukuzike, na Jumamosi tunatoa kilio. Levée de deuil yako, Papa. Mama atavua nguo nyeusi. Watu wa upande wa Bukavu wanafika kwa mashua, wale wa Masisi wanafika kama barabara itawaruhusu. Kutakuwa misa, chakula, halafu maneno. Kwenye programu kuna neno la kaka, neno la jirani, na neno moja la watoto. Moja tu. Papa mudogo Deo akasema neno la watoto litatolewa na Furaha kwa video, ataonyesha medali yake, sauti tutaipitisha kwenye baffle, spika ile ya kwaya. Kisha akanigeukia: "Neema, weye utashika telefone mbele ya watu. Mukono usitetemeke."

Nikasema ndiyo.

Unanijua. Shuleni mwalimu akiniita mbele ya darasa kwa exposé, maneno yanakimbia yote, kama watu wa soko lile. Wewe tu hukunisukuma. Tulikuwa tunakwenda mpaka Lac Vert na kurudi bila kusema maneno kumi, na nilikuwa nafikiri hiyo ndiyo kuongea. Halafu jioni Furaha anapiga simu, na wewe unavaa shemizi safi, shati lako la misa, unachana nywele kwa sababu ya video, unaongea saa nzima na sauti ile yako ya kupokea wageni. Unacheka. Unamuelezea mambo ambayo miye niliyaona, na unayaelezea vizuri kuliko vile yalivyokuwa. Miye niko pale naosha sahani. Nilikuwa nahesabu kwamba yeye anapata shemizi na miye napata singleti. Ndivyo nilivyoona. Hata leo bado naona hivyo siku zingine.

Baada ya marathon sikumutumia yaya hata neno moja la pongezi. Wote walimuandikia. Juzi akanitumia sauti, peke yangu, si kwenye groupe ya familia. Nilikwenda kuisikiliza kwenye choo ili nisisikiwe. Akasema:

"Neema, kadogo yangu, unaninunia? Haya, nuna, lakini sikiliza. Kwa kilometa ya makumi tatu miguu yangu ilikataa. Nikaanza kulia. Nikakumbuka vile Papa alikuwa ananiambia kila Dimanche: usitazame mulima, tazama nguzo ya umeme iko mbele yako, ukiifikia utazame ingine. Njo hapo nikaangalia. Huku hakuna mulima, na nguzo zao walizizika chini! Nikatazama kondoo. Nikasema nifike tu kwa kondoo ile. Halafu ingine. Neema, nimemaliza marathon juu ya kondoo."

Papa. Maneno yale ni yangu.

Unakumbuka? Ulikuwa umeegemea nguzo kwenye mupando wa mulima, unasema turudi nyumbani. Nami nikakuambia: usitazame mulima, Papa, tazama nguzo ile. Niliona haya saa ile ile, maana mutoto haamurishi baba yake. Pengine ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kukuambia bila kuulizwa. Na wewe uliichukua, ukavaa shemizi safi, ukamupa yaya kama yako. Kila Jumapili! Ungesema tu, "Neema anasema." Maneno mawili. Nilikukasirikia pale chooni mpaka nikapiga ukuta, na jirani akauliza kama kuna nyoka.

Lakini sauti haikuwa imekwisha. Nikasikia upepo wao ukipiga dirisha, halafu yaya akasema:

"Nikuambie kitu. Miye niko na wivu juu yako. Siku ya mazishi nilikuwa kazini, nimejificha chumba cha mashuka, telefone nimeiegemeza ku ukuta. Wakati banamushusha, réseau ikakatika. Niliona tu kale kaduara kanazunguka. Weye ulitupa udongo. Miye nilitazama kaduara. Kila siku najiuliza: Neema aliona nini? Na naona haya kukuuliza. Papa alikuwa ananiambia vile munakimbia wawili, na nikifunga simu nalia, juu miye sikukimbia na yeye hata hatua moja. Njo maana nilivaa ile fulana. Kuko vidole pale, Neema. Nilijua ni vyako."

Nataka kukuambia kwamba nililia, kwamba nilimuandikia hapo hapo. Hapana. Nilifurahi. Nilirudisha mwanzo nikasikiliza tena pale anaposema "niko na wivu juu yako," mara nyingi, kama mutu anayelamba kijiko. Yeye mwenye medali, mwenye kondoo, mwenye watu wa kupiga makofi, anataka kile nilicho nacho miye. Samahani, Papa. Ndivyo mutoto wako alivyo. Ni baadaye, nilipokuwa nachota maji, ndipo nilimuona katika chumba kile cha mashuka, amesimama anangoja kaduara kaishe kuzunguka, na zamu yake inaendelea, na muzee fulani anaita kwa kengele. Hapo furaha yangu ikapungua. Haikuisha. Ilipungua.

Nimeamua hivi. Telefone nitaishika, aongee, aonyeshe medali yake, ni haki yake, alianguka akainuka. Sitamusahihisha mbele ya watu kwamba si wewe uliyemufundisha. Lakini akimaliza sitakaa chini. Nitageuza telefone yeye pia anione, na nitawaelezea ile asubuhi ya sokoni. Watu watacheka. Nataka wacheke juu yako, maana hawa wote watakuja na maneno ya "baba mwema, mukristu mwema," kama kwamba wewe hukuwahi kukimbiza soko zima na singleti iliyotoboka. Hakuna mwingine anayeweza kuwapa hiyo. Na baada ya chakula nitamupigia yaya simu, sisi wawili tu, nimueleze kile nilichoona walipokushusha. Pole pole. Bila kuongeza kama wewe.

Shida ni programu. Papa mudogo Deo amesema imejaa, na Mama peke yake ndiye anaweza kumubadilisha akili. Jana nilijaribu. Nilimungojea Mama mezani, nikafungua kinywa, nikaomba chumvi. Bugali ilikuwa na chumvi ya kutosha, na yeye alinipa tu chumvi akanitazama. Siwezi kumwambia. Naweza kuandika tu. Barua hii nimeiandika siku nyingi, nusu ukurasa hapa, mistari mitatu pale, na kila mutu akikaribia naisukuma ndani ya dictionnaire. Mama anasoma Kiswahili, kwa kidole, vile anavyosoma kitabu cha sala. Akiisoma atajua kila kitu, maombi yangu mabaya na tomate zile. Atanichapa ao atacheka, sijui.

Nasikia kandambili zake uani. Ameweka beseni chini. Amesimama anajipangusa mikono, naijua kila sauti yake.

Papa, bakia muzuri pale uliko. Jumamosi nitasimama, hata sauti ikitoka ndogo kama ya kifaranga. Na Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nitatoka na viatu vyangu vilivyokatwa na mawe, nitasalimia soko zima nikitembea, na nikifika barabara ya Lac Vert nitakimbia mpaka mwisho, bila kumungojea mutu nyuma. Itaniuma kutongoja. Lakini nitafika.

Anapanda ngazi. Dictionnaire iko hapa karibu, na siifungui.

Mama, keti. Ni ya Papa, lakini soma kwanza wewe.